Jon Hiseman wa Colosseum: huyu mpiga drams mbona hatajwi?

Sauti_ya_Kanda:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa muziki wa zamani, soul, blues, rumba, zilipendwa zote nasikiliza, ila hii jazz iliyochanganywa na rock nilikuwa naipita tu mpaka juzi YouTube ikaniletea ngoma inaitwa Lost Angeles ya bendi ya Uingereza inaitwa Colosseum, ni live ya 1971. Nikaiacha iendelee nikijua dakika ya nne itakata, wapi, kitu kinaenda kama robo saa na hakichoshi. Muimbaji ana sauti kama anagombana na konda, gitaa linalia, na kwenye picha zao kuna mzee ana saksafoni mbili mdomoni kwa mpigo (anapumulia wapi sijui), lakini sikio langu lote lilikuwa kwa mpiga drams. Yule mtu hapumziki, na hata pale anapojaza sana bado unamsikia muimbaji vizuri.

Nimetafuta nikaona anaitwa Jon Hiseman na kwamba alishafariki. Sasa naomba wenye data watiririke. Alitokea wapi, alipiga na nani, maisha yalimwendaje baada ya hiyo bendi, na kubwa kuliko yote, kwa nini tukiongelea drams za Waingereza ni Ginger Baker, John Bonham, Phil Collins, basi, huyu hatajwi kabisa? Na jingine, huyu ni mtu wa jazz au mtu wa rock? Maana nimeshindwa kumpanga.

Kitimoto_Hapana:

Navuta kiti. Humu kila siku ni nani kamwibia nani wimbo, leo angalau tumepata uzi wa maana.

Mzee_Santuri:

Mleta mada umegusa penyewe. Ngoja nishushe, itakuwa ndefu, asiye na bando la kutosha apite.

Jina lake kamili ni Philip John Albert Hiseman, mzaliwa wa Woolwich, kusini mashariki ya London, 21 Juni 1944, vita ya pili bado inapiganwa. Utotoni alisomeshwa violini na piano, drams zilikuja baadaye akiwa kijana, na pale pale kusini mashariki ya London ndo akakutana na vijana wenzake Dave Greenslade wa kinanda na Tony Reeves wa besi wakawa wanapiga pamoja kwenye vikundi vidogo vidogo. Hayo majina mawili yashike, yatarudi.

1964 akawa mmoja wa walioanzisha New Jazz Orchestra, okestra kubwa ya vijana iliyokuja kuongozwa na Neil Ardley, hapo unapiga kwa nota, kuna safu nzima ya matarumbeta na saksafoni mbele yako na ukizubaa unawaangusha wote. Mule mule kwenye okestra akampata Barbara Thompson, mpuliza saksafoni na filimbi, wakaoana 1967. Huyo mama naye ni stori yake, kuna mtu humu atamwelezea vizuri kuliko mimi.

Sasa kipindi hicho London kulikuwa na bendi inaitwa Graham Bond Organisation, Bond mwenyewe anapiga kinanda cha Hammond na kuimba, saksafoni Dick Heckstall-Smith (ndo huyo mzee wako wa saksafoni mbili), drams Ginger Baker. 1966 Baker akaaga akaenda kuunda Cream na Jack Bruce na Eric Clapton, kiti kikabaki wazi, na aliyekalishwa pale ni huyu Hiseman akiwa na miaka kama 22. Kumrithi Baker si mchezo. Tena bendi yenyewe ilikuwa inaelekea kubaya maana Bond alikuwa na kipaji cha ajabu lakini madawa yalishamkamata, akaja kufa 1974 chini ya treni kituo cha Finsbury Park. Mimi naamini kile alichokiona Hiseman kwenye ile bendi ndo kilimfanya baadaye awe kiongozi mwenye mpangilio kiasi kile, ni imani yangu tu lakini ukifuatilia maisha yake utaona inaingia akilini.

Kutoka kwa Bond akaenda kwa Georgie Fame, halafu 1968 akaingia Bluesbreakers, bendi ya blues ya John Mayall, wakarekodi albamu ya Bare Wires. Angalia waliokuwemo mle, Mick Taylor kwenye gitaa ambaye mwaka uliofuata akachukuliwa na Rolling Stones, Heckstall-Smith yumo, Tony Reeves yumo. Ile bendi haikudumu, ni miezi tu, na ilipovunjika Hiseman akawachukua Reeves na Heckstall-Smith, akamvuta Greenslade, akaongeza kijana wa gitaa na sauti anaitwa James Litherland, ikawa Colosseum. Hiyo ni mwaka huo huo wa 1968.

Albamu ya kwanza ikatoka 1969, Those Who Are About to Die Salute You, ile salamu ya wapiganaji wa Roma kwa mfalme, na wimbo wa kufungulia ni Walking in the Park ambao aliutunga Graham Bond. Kwa hiyo Hiseman hakumsahau bosi wake wa zamani. Mwaka huo huo tena wakatoa Valentyne Suite, hii ilikuwa santuri ndefu ya kwanza kabisa kutolewa na lebo ya Vertigo, hiyo hiyo iliyokuja kuwatoa Black Sabbath. Upande wa pili wote ni kitu kimoja chenye vipande vitatu, dakika kama 17, na ilifika namba 15 kwenye chati ya Uingereza. Muziki wa namna hiyo namba 15! Leo redio gani itakuwekea.

Kuanzia mwisho wa 1969 mpaka 1970 watu wakabadilika, Litherland akatoka, Clem Clempson akaingia na gitaa, Mark Clarke besi, na Chris Farlowe kuimba, huyo ndo mgomvi wako wa Lost Angeles. Farlowe hakuwa mgeni, 1966 alishashika namba moja Uingereza na Out of Time, wimbo wa Jagger na Richards wa Rolling Stones. Wakatoa Daughter of Time, halafu Machi 1971 wakarekodi maonyesho ya Manchester na Brighton ndo ikazaliwa Colosseum Live unayoisikiliza. Mwishoni mwa 1971 bendi ikafa. Miaka mitatu tu mkuu, na humo humo miaka mitatu wamefanya yote hayo.

Batobato:

Maelezo mazuri mzee ila tusitiane chumvi, Ginger Baker ndo baba. Baker alifunzwa na Phil Seamen, mpiga drams wa jazz, akamsikilizisha sahani za ngoma za Afrika toka kijana, baadaye akavuka Sahara na gari mpaka Lagos kuzifuata zenyewe, akapiga na Fela, albamu ya 1971 ipo, akajenga na studio kule kule. Huyo Hiseman wako alienda wapi?

Mzee_Santuri:

Hakuna aliyembishia Baker mkuu, nimesema mwenyewe kumrithi si mchezo. Lakini mleta mada kauliza kwa nini huyu hatajwi, na jibu moja ni hilo hilo ulilotoa, Baker alikuwa na visa. Kugombana, kupotea, kufilisika, waandishi wanapenda mtu wa hivyo. Hiseman kaoa mke mmoja, kakaa naye mpaka kufa, anawahi mazoezini, mahesabu yapo sawa. Gazeti litaandika nini hapo?

drama_wa_kwaya:

Mimi napiga drams kanisani na harusini, naomba nijibu lile swali la jazz au rock maana ndo lenyewe na wengi mnalipita.

Mpiga jazz wa kawaida mdundo wake unakaa kwenye toazi la mkono wa kulia, lile linalosema ting, ting-ka-ting, miguu inagusa gusa tu na snea (ile ngoma kavu ya katikati) inajibu maneno madogo madogo. Mpiga rock mambo yake yako chini, ngoma ya mguu na snea, pigo la pili na la nne, la pili na la nne, hata kiziwi akicheza hapotei. Hiseman alikuwa anavifanya vyote viwili kwa pamoja. Nguvu ya rock iko pale, ana ngoma mbili za mguu na tomu kibao, lakini akili inayoziendesha ni ya mtu wa okestra, anasikia wapuliza saksafoni watatua wapi na anawaandalia.

Chukua hiyo hiyo Lost Angeles. Mwanzoni taratibu kabisa, mtu mwingine angekuwa ameshaanza kubamiza ili tujue yupo. Yeye anakuacha. Halafu Clempson akishaanza kupiga solo yake ndefu ya gitaa sikiliza chini yake, usisikilize gitaa kabisa, ngumu lakini jaribu. Sisi wengi tunajaza kila baada ya mistari minne kama tumeandikiwa sheria, bru-bru-bru-dum, halafu toazi, na mchungaji anatuangalia. Yeye anajaza pale gitaa linapovuta pumzi, na mara nyingine anaanzia katikati ya mstari anavuka mpaka mstari unaofuata, kiasi kwamba ukihesabu unaona kama kakosea halafu anatua pale pale na bendi nzima. Hapo ndo utajua jamaa anajua ile moja, pigo la kwanza la mstari, iko wapi muda wote hata asipoipiga.

Na hizo ngoma mbili za mguu, siku hizi vijana wa metali wanazitumia kama mashine ya cherehani mfululizo, yeye hapana, anaziingiza kama sauti nyingine mbili za tomu, ndo maana ukisikia anazunguka kutoka juu kwenda chini mteremko haukatiki, unafika mpaka miguuni.

Anayetaka kumsikia peke yake atafute The Time Machine, iko mwisho wa Daughter of Time, ni drams tupu walirekodi Royal Albert Hall Julai 1970. Mimi solo za drams huwa zinanichosha, hata zangu, na Waingereza wa enzi zile walikuwa na tabia ya kupiga nusu saa wenzao wameenda kuvuta sigara. Hii inasikilizika kwa sababu ina tungo ndani yake, anatoa kitu, anakigeuza, anakirudia kwenye ngoma nyingine.

Sauti_ya_Kanda:

Daah drama_wa_kwaya umenifanya nirudie ngoma nzima sasa hivi na hedifoni, mke ananiuliza unahesabu nini.

Mzee Santuri sasa endelea, 1971 bendi imekufa jamaa ana miaka 27, alikula nini? Maana wenzake wengi wa kizazi kile hapo ndo walipopotelea.

Mzee_Santuri:

Alikula drams. Kwanza akaunda Tempest, 1972, rock ngumu zaidi, akamuweka kwenye gitaa kijana asiyejulikana sana anaitwa Allan Holdsworth. Wapenzi wa gitaa humu mnajua hilo jina lina maana gani. Holdsworth akaondoka, akabaki Ollie Halsall, albamu mbili, 1974 ikaisha.

1975 akaanza Colosseum II, na hapa jina lisikudanganye, si bendi ile ile, huu ni muziki wa fusheni (jazz na rock kwa pamoja) wa haraka haraka, vyombo vitupu zaidi. Gitaa akampa Gary Moore wa Belfast, kinanda Don Airey ambaye kuanzia 2002 yupo Deep Purple, besi alianza Neil Murray aliyekuja kwenda Whitesnake, akafuata John Mole. Albamu tatu, Strange New Flesh, Electric Savage na War Dance. Zilitoka 1976 na 1977, yaani katikati ya punk, vijana Uingereza wanataka wimbo wa dakika mbili wenye chord tatu tu za gitaa, wewe unawaletea mahesabu. 1978 kwisha.

Lakini hapo hapo ikatokea riziki. Andrew Lloyd Webber, mtunzi wa maigizo ya muziki, aliwekeana dau na mdogo wake Julian mpiga selo juu ya mechi ya Leyton Orient, timu ya mpira ya London, Andrew akaliwa, ikabidi amtungie mdogo wake muziki. Akachukua kipande cha Paganini, mtunzi wa zamani wa violini, akakizungushia mambo, na akahitaji watu wanaoweza kusoma nota na kupiga rock kwa wakati mmoja. Unawapata wapi watu hao? Akaichukua Colosseum II, Hiseman, Moore, Airey, Mole, na Barbara juu yake. Albamu ikaitwa Variations, 1978, ikafika namba mbili Uingereza na mwanzo wake ukawa muziki wa kipindi cha sanaa cha televisheni, The South Bank Show, kwa miaka na miaka. Kwa hiyo Waingereza mamilioni wamemsikia Hiseman kila wiki sebuleni bila kumjua jina. Mleta mada, jibu lako jingine hilo hapo.

Mpenzi_wa_Orient:

Kumbe mkeka ukichanika unazaa muziki. Mimi ikichanika yangu inazaa madeni.

Nipo_Stuttgart:

Salamu kutoka Ujerumani. Batobato umeuliza Hiseman alienda wapi, alikuja huku mzee. Huku kwa wapenzi wa jazz wa umri mkubwa jina lake halihitaji utangulizi.

1975 mpiga piano wa hapa Stuttgart, Wolfgang Dauner, alikusanya wanamuziki kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha vijana, ikazaliwa United Jazz + Rock Ensemble. Karibu kila aliyekuwemo alikuwa na bendi yake mwenyewe, ndo maana wakaitwa bendi ya viongozi wa bendi. Albert Mangelsdorff trombon, Volker Kriegel gitaa, Eberhard Weber besi, Charlie Mariano wa Marekani saksafoni, Ian Carr na Kenny Wheeler na Ack van Rooyen tarumbeta, Barbara Thompson saksafoni, na nyuma yao wote Hiseman. Jaribu kuwaza kuongoza mdundo wa watu kumi ambao kila mmoja kazoea kuwa bosi.

Wakaanzisha na lebo yao wenyewe, Mood Records, kwa hiyo hela haikupitia kwa mtu wa kati. Live im Schützenhaus ya 1977 ukiingia duka la santuri kuukuu huku haikosi, iko kwenye makasha ya jazz ya Kijerumani mbele mbele. Walipiga mpaka ziara ya kuaga 2002. Miaka zaidi ya 25 na kundi moja, hiyo kwenye jazz ni kama hakuna.

Na Colosseum yenyewe ilivyofufuka 1994 ilifufukia huku huku, tamasha la Freiburg mwezi wa sita, na albamu yao ya kuungana tena ikarekodiwa jukwaani Cologne. Kwa hiyo kama mtu anasema jamaa hakutajwa, swali ni hakutajwa wapi. London labda. Hadhira yake ilihamia upande huu, na ndo ilimlisha.

Msema_Kweli_77:

Sawa ila tuseme ukweli, hii si blues na jazz za watu weusi wa Marekani wazungu wamechukua wakapata jina? Tunashangilia nini.

Mzee_Santuri:

Wamechukua ndiyo, na hawakuficha. Kwenye hiyo Live kuna Stormy Monday Blues ya T-Bone Walker, kwenye ya kwanza kuna Backwater Blues. Kizazi chao chote kimelelewa na sahani kutoka Marekani. Ila hiyo Valentyne Suite huipati Memphis wala Chicago, ni mtoto wa kusini ya London aliyesoma piano utotoni halafu akakutana na blues ukubwani. Mimi nashangilia hicho walichoongeza, cha kuazima najua kwa kukipata.

Msema_Kweli_77:

Hapo sawa. Ila T-Bone Walker naye afunguliwe uzi wake.

Bi_Zuhura:

Nimesubiri kaka zangu mmalize mambo yenu ya bendi ndo nimzungumzie Barbara, maana mnampitia juu juu wakati huwezi kueleza maisha ya yule baba bila yeye.

Barbara Thompson kazaliwa Oxford Julai 1944, kasoma Royal College of Music, na alianza kupuliza saksafoni kipindi ambacho mwanamke na saksafoni London ilikuwa kituko, alipitia bendi ya wanawake pekee ya Ivy Benson. Akaja kuunda bendi yake, Paraphernalia. Sasa sikilizeni, mume ana jina kubwa, ana Colosseum nyuma yake, lakini toka mwisho wa miaka ya 70 akakaa nyuma ya mkewe. Kwenye mabango jina ni la Barbara, nyimbo ni za Barbara, yeye anapiga drams, na 1982 wakajenga studio nyumbani, akawa ndo fundi mitambo wa albamu za mke, anarekodi, anachanganya sauti, anapeleka sokoni. Niambieni ni wanamuziki wanaume wangapi mnaowajua wangekubali hilo. Nasubiri orodha.

1997 Barbara akagundulika na Parkinson's, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili. Kwa mpuliza saksafoni vidole ndo kila kitu, na huo ugonjwa mara nyingi unaanzia mkononi. Alipunguza kupiga, akaweka nguvu kwenye kutunga, lakini dawa zilipobadilika akarudi jukwaani, na Heckstall-Smith alipofariki Desemba 2004 ni Barbara aliyeshika nafasi yake ndani ya Colosseum. BBC waliwafanyia filamu mwaka 2012 inayoonyesha maisha yao na huo ugonjwa, mume anahangaika na ratiba za dawa kama anavyohangaika na ratiba za maonyesho. Binti yao Ana Gracey ni muimbaji. Barbara mwenyewe amefariki Julai 2022, yaani mgonjwa ndo alimzika mzima.

Kitimoto_Hapana:

Bi Zuhura orodha utaisubiri sana.

Sauti_ya_Kanda:

Hiyo ya kumzika mzima imenikaa vibaya. Aliuguaje?

Mzee_Santuri:

Ghafla mkuu. Colosseum ilipiga onyesho lake la mwisho akiwa nayo Shepherd's Bush Empire, London, Februari 2015. Watu wakajua mzee kapumzika. Wapi, akaunda kikundi cha watatu na Clempson na Mark Clarke, wakakiita JCM, herufi za majina yao, Aprili 2018 wakatoa albamu Heroes. Ile albamu yote ni nyimbo za wenzao waliotangulia, Graham Bond, Heckstall-Smith, Jack Bruce, Gary Moore, Holdsworth, Halsall. Wakaanza na ziara, ziara ikakatika njiani kwa sababu alianza kuumwa, kwenda hospitali ni uvimbe kwenye ubongo. Alifariki 12 Juni 2018, siku chache kabla ya kutimiza 74.

Farlowe, Clempson na Clarke baadaye waliirudisha Colosseum na mpiga drams mwingine, Malcolm Mortimore, wakatoa Restoration 2022. Si mbaya kabisa, anayewalaumu awalaumu, mimi nimeinunua.

Jack Bruce nimemtaja nikakumbuka, kabla hujaondoka tafuta Songs for a Tailor ya 1969, albamu ya Bruce mwenyewe baada ya Cream kuvunjika. Drams nyingi mle ni Hiseman. Yaani Bruce katoka kupiga na Baker miaka yote ile, alipotaka mtu wa kumpigia kwenye nyimbo zake alimwita huyu. Batobato hilo nakuachia.

Batobato:

Hiyo nimeipokea. Songs for a Tailor ninayo na sikuwahi kusoma nyuma ya kava. Baker bado ni baba lakini.

drama_wa_kwaya:

Baba tumeshakubali, sasa tunazungumzia mjomba.

Sauti_ya_Kanda:

Wakuu nimeshiba. La mwisho, mtu kama mimi ninunue ipi kwanza? Kuna jamaa mjini anauza santuri kuukuu ameniambia anaweza kuagiza, bei yake imechangamka kwa hiyo sitaki kubahatisha. Kanitajia Valentyne Suite na nyingine inaitwa The Grass Is Greener, anadai ni kitu kile kile kava tofauti.

Mzee_Santuri:

Si kitu kile kile, muangalie huyo. The Grass Is Greener ilitolewa Marekani peke yake, 1970, nyimbo zimechanganywa, Clempson keshaingia kwenye gitaa badala ya Litherland, na ile Valentyne Suite yenyewe ya dakika 17 haimo nzima. Ni nzuri na ni adimu, lakini ni ya mtu ambaye tayari anazo nyingine. Wewe anza na Colosseum Live maana sikio limeshaizoea, halafu Valentyne Suite. Ile ya Marekani aiweke pembeni mpaka apunguze bei.

Nipo_Stuttgart:

Valentyne Suite ukishindwana naye bei nishtue inboksi, huku toleo la Kijerumani la miaka ya 70 halina bei ya kutisha, shida itakuwa posta tu.

Sauti_ya_Kanda:

Nakuja inboksi sasa hivi.